Habari za Vinyago vya Ngoma vya Wamakonde

Katika mazungumzo ya leo twataka kueleza habari za vinyago, yaani nyuso za mti ambazo watu huzivaa wachezapo ngoma. Huku kwetu Nyamigogo, na pande zote za Ngara na Biharamulo, ngoma tulizozizoea huchezwa uso wazi. Mchezaji akiruka, kila mtu aliyeko uwanjani humjua kuwa ni mwana wa fulani, wa kijiji fulani. Jirani zetu Wasukuma, katika mashindano yao ya Wagika na Wagalu, huingia uwanjani hata na chatu hai ili wawavute watazamaji upande wao. Lakini mwenye kumshika chatu huyo ajulikana jina lake, na sifa ni zake. Basi huenda mtu akauliza: kuna faida gani kucheza ngoma huku umejificha uso? Swali hilo ni jema. Ili kulijibu hatuna budi kusafiri kwa fikira, kutoka pembe hii ya kaskazini-magharibi ya Tanzania mpaka pembe ya kusini-mashariki, kwenye nchi ya Wamakonde.

Kwanza tulieleze neno lenyewe. Siku hizi mtu akisema "kinyago", wengi hufikiri sanamu nyeusi za mpingo ziuzwazo madukani Dar es Salaam na Arusha. Lakini maana ya zamani ya neno hili ni kitu cha kutisha, chenye sura ya mtu au mnyama, kilichotolewa katika ngoma za unyago. Ndiyo sababu wahenga walisema: kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo yaonekana kuwa kweli tupu. Mtu aliyeshika tezo, akaona kwa macho yake kipande cha mti kikipata pua na mdomo, atakiogopaje? Tafadhali iwekeni methali hii moyoni, kwa maana tutairudia mwisho wa mazungumzo, na huenda tukaiona kwa namna nyingine.

Wamakonde hukaa juu ya nyanda mbili zilizoinuka, na katikati yake hupita mto Ruvuma. Upande wa kaskazini ni Tanzania, ndiko kuliko Newala na Tandahimba. Upande wa kusini ni Msumbiji, ndiko kuliko Mueda. Juu ya nyanda hizo maji ni haba sana, hata zamani wanawake walilazimika kushuka mabondeni kuteka maji, kisha kupanda tena na mitungi vichwani. Lakini vichaka vyake vizito vilikuwa ngome kwa wenyeji wakati wa vita na wa kukamata watumwa. Mahali kama hapo, ambapo adui hakufika upesi, desturi za watu hukaa muda mrefu pasipo kuvurugwa.

Kinyago cha mti mwepesi hakiishi sana, kwani mchwa na mvua ni adui zake. Kwa hiyo kumbukumbu nyingi tulizo nazo zatokana na watu walioviona vikichezwa. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja jina lake Karl Weule, mtu wa nyumba ya makumbusho ya mji wa Leipzig, alifika Newala, akatazama ngoma, akapiga picha, akanasa nyimbo kwa mashine ya sauti, na kukusanya vinyago. Baadaye, kati ya miaka ya 1957 na 1961, Mreno Jorge Dias na mkewe Margot walikwenda mara kadhaa kwa Wamakonde wa Msumbiji, wakaandika vitabu vikubwa juu ya maisha yao. Na mwaka 1971 mtaalamu wa Tanzania, J. A. R. Wembah-Rashid, alichapisha makala juu ya wachezaji wa vinyago wa Tanzania na Msumbiji. Tutafuata njia waliyotufungulia watu hawa.

Vinyago vya ngoma si vya namna moja. Upande wa Tanzania kuna vitu viitwavyo isinyago, navyo ni maumbo ya wanyama yaliyofanywa kwa fito na kufunikwa, na watu huingia ndani yake wakayachezesha. Tena kuna midimu, ndio watu waliovaa nyuso za mti. Uso wa mdimu hufunika uso wa mchezaji tu, mbele, nao hufungwa kwa nguo au kamba nyuma ya kichwa. Midimu wengine huchezea juu ya mironjo, yaani ile miti mirefu ya kutembelea ambayo wengi huiita ngongoti, hata huweza kuchungulia juu ya mapaa ya nyumba. Tena mwanamume mmoja huweza kuvaa, pamoja na uso wa mwanamke, kiwiliwili cha mti chenye matiti na tumbo la mimba, akacheza taratibu kama mama aliye karibu kujifungua. Vijana hutazama, na kutazama huko ni mafundisho kwao.

Upande wa Msumbiji kinyago kijulikanacho sana ni lipiko. Yakiwa mengi huitwa mapiko. Hili si uso tu, bali ni kichwa kizima kilichokombwa ndani, nalo huvaliwa kama kofia kubwa. Mchezaji hulitia kichwani kwa kulilaza kidogo nyuma, hata uso wa mti ukaelekea juu. Naye mwenyewe huona kwa kupitia katika mdomo wa kinyago. Watazamaji huyaangalia macho ya mti wakidhani ndiyo yawatazamayo, kumbe macho ya kweli yako chini, kinywani.

Sasa tueleze namna ya kulifanya. Jambo la kwanza ni mti. Wengi wakisikia Wamakonde hudhani ni mpingo, lakini mpingo ni mzito kama jiwe, na mtu akivaa kichwani gogo la mpingo hataweza kucheza hata hatua kumi. Sanamu za mpingo ni kazi nyingine, iliyokua sana katika karne ya 20 kwa ajili ya kuuza. Kwa lipiko fundi hutafuta mti mweupe, laini na mwepesi, wa jamaa ya msufi wa porini, ambao wenyewe huuita njala. Hukata kipande chenye urefu wa kutosha kichwa, akakichonga nje kwa tezo mpaka sura ianze kuonekana. Kisha hukikomba ndani kwa kisu kilichopinda, kidogo kidogo. Hapa ndipo kazi ilipo ngumu. Akiacha ukuta mnene, kinyago kitamwelemea mchezaji. Akizidisha kukomba, kitatoboka au kitapasuka kikikauka, na kazi yote itakuwa bure.

Mti ukiisha kuwa laini, hutiwa rangi ya ngozi ya mtu. Kisha fundi huanza kuutia uhai. Huchukua nywele za kweli, zilizonyolewa vichwani mwa watu, akazibandika kwa nta ya nyuki, akazipunguza kwa kufuata mtindo wa kinyozi. Chale za usoni huzikata kwa kisu, au huzifanya kwa vipande vyembamba vya nta vilivyobandikwa vikainuka juu ya mti. Kama ni uso wa mwanamke wa kale, hutiwa ndonya katika mdomo wa juu. Basi lipiko la kale ni kama daftari. Desturi za kuchanja uso na kuvaa ndonya zimekwisha kwa vijana wa leo, lakini mtu akitaka kujua bibi wa bibi yake alikuwa na sura gani, kinyago chaweza kumwonyesha.

Kazi hii haikufanywa barazani. Ilifanywa mbali na kijiji, mahali pa siri, ambapo mwanamke hakuruhusiwa kufika wala mtoto asiyetahiriwa. Na ngoma yenyewe huchezwa hasa vijana watokapo jandoni. Siku hiyo mchezaji huvikwa nguo mwili mzima, hata ngozi yake isionekane mahali popote. Shingoni hufungwa kitambaa kufunika pale kinyago kinapokutana na mwili, na kiunoni hufungwa njuga. Wapigaji hupanga ngoma zao, kubwa na ndogo, na zile nyembamba ziitwazo vinganga huchomekwa ardhini kwa ncha zake.

Kisha lipiko hutokea. Haliji upesi. Huja kwa hatua fupi, husimama, hugeuza kichwa polepole kama kwamba linatafuta mtu. Ngoma hubadilika, nalo hukimbia ghafula kuelekea wanawake. Wanawake hukimbia kwa makelele, kisha hurudi tena kulitazama. Uzuri wake wote ni mapatano ya miguu na ngoma: mpigaji akikata, mguu nao hukatika papo hapo, hata njuga zisibaki zikilia. Mchezaji aliyekosa hapo huonekana na wote, na kinyago kizuri hakiwezi kumponya.

Wanawake na watoto waliambiwa kwamba lipiko si mtu, bali ni mfu aliyetoka chini kuja kuwatazama walio hai. Wavulana walifunuliwa siri walipokuwa jandoni, wakaambiwa wasiitoe kwa yeyote. Je, wanawake hawakujua kabisa? Mama aliyemzaa mtoto, akamfundisha kutembea, atashindwaje kuitambua hatua yake? Lakini kujua ni jambo moja, na kusema ni jambo la pili. Siku hizi siri hiyo si siri tena. Hata huko Msumbiji viko vikundi vya wanawake wenyewe wanaocheza mapiko. Hata hivyo watu bado huja uwanjani, bado hukimbia, bado hurudi.

Tena lipiko halikuonyesha wafu wa kale peke yao. Mafundi walichonga pia sura za watu wapya walioingia nchini: Mzungu wa serikali, Mhindi, askari. Yaliyokuwa magumu kusemwa kwa kinywa wakati wa utawala wa Wareno, ambao ulikwisha mwaka 1975, yaliweza kuonyeshwa kwa kinyago. Watu walicheka wakaelewa. Na hapa twapata sehemu ya jibu la swali letu la kwanza. Aliyejificha uso hupata ruhusa ya kuonyesha mambo ambayo mwenye uso wazi angeona haya, au angeogopa, kuyaonyesha.

Ili tuone kwamba jambo hili si la Wamakonde peke yao, tuvuke bahari mpaka Japani. Huko kuna mchezo wa kuigiza uitwao no, wa ngoma, nyimbo na vinyago. Ulipata umbo lake katika karne ya 14 kwa kazi ya baba na mwana, Kan'ami na Zeami, waliosaidiwa na mtawala Ashikaga Yoshimitsu. Vinyago vyake huchongwa kwa mti uitwao hinoki, nao ni mti laini wa jamaa ya mvinje wa Kizungu. Fundi akiisha kuchonga, hupaka tabaka juu ya tabaka ya rangi nyeupe iliyosagwa kutoka maganda ya chaza na kuchanganywa na gundi ya ngozi. Macho yake ni matundu madogo mno, hata mchezaji haoni uwanja vizuri, naye hujiongoza kwa nguzo za jukwaa. Uso wa mwanamke kijana huchongwa usicheke wala usilie. Lakini mchezaji akiinua kidogo kichwa, uso hupata nuru ukaonekana kama watabasamu, na akiinamisha, kivuli huushukia ukaonekana wenye huzuni. Kabla ya kutoka, mchezaji hukaa katika chumba chenye kioo, akavaa kinyago na kujitazama mpaka ajione kuwa mtu mwingine.

Tazameni basi: Mmakonde na Mjapani hawakupata kukutana, lakini wote wawili wametafuta mti mwepesi, wote wameukomba kwa uangalifu, na wote wamejua kwamba kinyago hakimaliziki mikononi mwa fundi. Hukamilika uwanjani.

Lakini Wajapani wamefanya jambo jingine linalotupasa kulifikiri. Mwaka 1950 walitunga sheria ya kulinda mali za asili za taifa lao. Sheria hiyo haikulinda vitu vya kushikika tu, kama majumba na sanamu, bali ililinda na ustadi wenyewe, yaani ujuzi ulio ndani ya mtu. Wastadi wakuu hutajwa rasmi na serikali, wakasaidiwa ili wawafundishe vijana. Wajapani waliona kwamba kinyago kikiungua, fundi aweza kuchonga kingine. Lakini fundi akifa bila mwanafunzi, vinyago vilivyobaki ni mabaki tu.

Sasa turudi kwetu, tusikie kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, wakaiba vitu kadhaa, na mojawapo kilikuwa kinyago cha Wamakonde. Mwaka 1985 kinyago hicho kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya mji wa Geneva, Uswisi, nao wenyewe walisema kwamba hawakujua ni cha wizi. Mwaka 1990 mtaalamu wa Italia, Enrico Castelli, alikitambua kuwa ni kimoja cha vitu vilivyopotea. Barua ziliandikwa, miaka ikapita. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka shauri lake mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulika na kurudisha mali za namna hiyo. Hatimaye, tarehe 10 Mei 2010, hati ilitiwa sahihi mjini Paris, na kinyago kikarudi kwa jina la zawadi. Tangu kuibwa mpaka kurudi ilikuwa miaka 26.

Twafurahi kwamba kilirudi, maana mali ya watu ni mali ya watu. Lakini na tujiulize kwa unyofu: ni nini kilichorudi? Uliorudi ni mti. Kule Geneva uso ule ulikaa kimya, hauna nguo, hauna njuga, hauna ngoma ya kuujibu. Ukikaa kimya vivyo hivyo katika kabati la Dar es Salaam, umerudi nchini lakini haujarudi uwanjani. Wa kuurudisha uwanjani ni yule ajuaye hatua zake, na mpigaji ajuaye mahali pa kukata. Watu hao hawaibiwi na wezi wa usiku. Huondoka mmoja mmoja kwa uzee, mchana kweupe, na hakuna apigaye kelele.

Tena iko hatari ya biashara. Mgeni apendaye kununua kinyago hutaka kilicho kikuukuu, na wafanyabiashara wengine hukitia moshi na udongo kipya kionekane cha zamani. Hatuwalaumu mafundi wanaochonga kwa ajili ya kuuza, maana kila mtu hana budi kula, na wengi wao ni wastadi wa kweli. Lakini kinyago kilichochongwa kwa ukuta wa sebule hakihitaji kuwa chepesi, wala hakihitaji mdomo wa kuonea. Fundi akizoea kuchonga hivyo miaka mingi, na mwanawe akajifunza hivyo, mkono utasahau kwa nini zamani mti ulikombwa ukawa mwembamba.

Huenda msikilizaji wa Nyamigogo akasema: hayo ni ya Newala na Mueda, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Sisi nasi tuna ngoma zenye hatua zake, zenye mavazi yake, zenye wapigaji wanaojua lini pa kukaza na lini pa kulegeza. Ninyi wanafunzi mjuao kuandika mnaweza kufanya jambo ambalo halitaki fedha. Mwendeeni babu au bibi mmoja, mwamkieni kwa heshima, mkamwulize: ngoma hii huanzaje? Mti wa mzinga wa ngoma hukatwa wapi, na kwa nini huo na si mwingine? Ngozi hufungwaje? Andikeni ajibuyo kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na majina ya miti na ya zana katika lugha yake. Lakini msiridhike na kuandika. Mwombeni awafundishe hatua moja, maana daftari halijui kucheza.

Basi turudi kwenye methali yetu. Ni kweli, kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi, maadamu kimelala chini ya mti pamoja na vipande vya kuni. Lakini fundi yule yule, akisimama uwanjani jioni, akasikia vinganga vinalia, akaona uso ule alioukomba kwa mkono wake unageuka polepole kumtazama, mwili wake husisimka kama wa wengine. Haogopi mti. Astahi kile ambacho watu wote wa kijiji wamekubaliana kukiweka ndani ya mti ule. Mti wa kuchonga utapatikana porini siku zote. Makubaliano yale ndiyo yatakayo watu wa kuyalinda, huko Newala na huku kwetu pia.